Tarakimu ya Tatu

Seva yetu ilikaa chini ya ngazi, Ruwi,
juu ya tofali mbili,
tangu ile mvua iliyoleta wadi hadi mlangoni petu
ikalowesha zulia na risiti za mwaka mzima.
Ikinguruma kama friji la maji la msikitini.
Wateja wakiuliza, humo mna nini?
nikiwaambia: mumo nyinyi.

Prakashan alikuja Alhamisi baada ya isha
na chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi.
Programu ya kodi, mafaili, vyote vinahama, akasema.
Jumapili Bi Thuwaiba utafanyia kazi Ibra,
ubavuni pa mama yako.
Tukautazama mstari wa kijani ukitambaa:
asilimia tisa,
asilimia tisa,
chai ikapoa,
asilimia kumi.

Mama aliniuliza hesabu za watu nimezipeleka wapi.
Winguni, mama.
Akachungulia dirishani. Ibra, mwezi wa Julai,
mbingu nyeupe kama sahani iliyokwisha kuoshwa.
"Wingu la nani?"
La kukodi. Tunalipa kila mwezi.
"Basi la mwenyewe," akasema,
akarudi kuchagua mchele wake.

Nywila. Namba sita kwenye simu. Nywila tena.
Ikafunguka, na kila kitu mahali pake,
kitufe cha kijivu, saa ya mchanga,
jina langu limekosewa vile vile herufi moja.
Hata kosa lilipanda nasi.

Nikaanza na Sulayyim, muuza halwa wa Barka,
aletaye risiti ndani ya kopo la halwa,
zote zinang'aa samli, ukizishika
vidole vinateleza hadi mchana.
Ankara ya sukari. Kodi yake, kwa chapa ya mwisho ya seva ya Ruwi:
riali kumi na mbili, nukta, nne, saba.
Winguni: nne, saba, tano.

Baisa tano.
Prakashan akacheka simuni. Bi, hata kiberiti hununui!
Nikamwambia simlilii bei.
Kama hii imeongezwa njiani,
nani ajuaye kilichodondoka?

Nikamwaga kopo juu ya meza ya kulia chakula,
mama akaniondolea bakuli la ndimu bila neno.
Nikaipata karatasi yenyewe karibu na saa saba usiku,
nikaielekeza kwenye taa:
nne, saba, tano.

Wingu lilisema kweli.
Waliotunga programu ile walitoka kwenye sarafu ya senti mia;
riali yetu ina baisa elfu,
na hapana aliyeiambia seva.
Miaka minne nimeifuta vumbi kwa ncha ya mtandio,
nimeisomea Ayatul Kursi siku ya kimbunga,
nayo inakata mkia wa kila hesabu,
kwa adabu, bila kelele,
inaninguruma miguuni kama paka aliyeshiba.

Nikakesha nikijumlisha mikia.
Ya Sulayyim peke yake, anachodai:
riali kumi na moja na baisa mia sita arubaini na mbili.
Bado wateja thelathini na tisa.

Asubuhi nikampigia. Nilisikia mwiko ukikwangua sufuria,
kisha ukasimama.
"Mashine ilijua?"
Haikujua, nikasema.
"Na wewe?"

Kwenye karatasi ilikuwepo, kila robo ya mwaka,
kwa wino wa buluu, tarakimu ya tatu.
Mkono wangu ndio ulioiingiza
na jicho langu ndilo lililoridhika na mbili.

"Kopo langu usilitupe," akasema. "Nina risiti nyingine."

Prakashan ameniletea picha: chini ya ngazi,
tofali mbili, na waya usiokwenda popote.
Ananiuliza auze vyuma.
Sijamjibu. Nina samli kwenye vitufe,
namba nane inanata.